Picha Ilikuwepo Muda Wote

Mama ndiye aliyegundua. Ilikuwa saa moja jioni, taarifa ya habari ya Kiswahili ndiyo kwanza inaanza, nami niko jikoni nakata sukuma wiki. Akaniita kwa ile sauti yake ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Mwanangu, hebu njoo. Watu wanaongea lakini siwaoni."

Nilikuta kioo cha runinga cheusi tititi. Msomaji habari alikuwa akisalimia, ripota akaanza kueleza habari za mafuriko, na mbele yetu hapakuwa na mtu wala maji. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa waya, nikasubiri, nikaurudisha. Mama alikuwa ameketi palepale, mikono mapajani, akisikiliza kama tulivyokuwa tukisikiliza redio zamani nyumbani.

Runinga ile niliinunua kwa ajili yake. Tangu magoti yalipoanza kumsumbua akaja kukaa nami mtaa wa Umoja, Nairobi, mchana kutwa yuko peke yake ghorofa ya nne, na ngazi hazishuki ila kwa lazima. Nililipa shilingi 38,500, pesa nilizoweka kidogokidogo kwa miezi saba.

Ilikuwa na umri wa miezi 14. Waranti ilikuwa ya miezi 12.

Asante

Jumamosi nilienda mjini, duka lile lile. Kijana wa kaunta alinipokea vizuri. Alichukua kadi ya waranti, akaitazama tarehe, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Pole, madam. Hii iliisha mwezi wa nane."

Nikamwuliza sasa nifanyeje. Akasema, bila kuiona runinga yenyewe, kwamba kioo ndicho kimekufa, kioo kipya ni kama 26,000, na kwa bei hiyo afadhali niongeze nichukue nyingine. Akanionyesha tatu zilizokuwa ukutani, zote zikionyesha samaki wa rangi wakiogelea. Moja ilikuwa kubwa kuliko yetu, 44,000. Nayo ilikuja na waranti ya mwaka mmoja.

Nilimwambia asante, nikatoka.

Hiyo asante ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kijana hakunikosea adabu, wala hakunidanganya kuhusu tarehe. Lakini nilikuwa nimeshukuru kwa kuambiwa kwamba pesa zangu zimekwenda, tena nimeshukuru upesi, kama mtu aliyeingia pahali pasipo pake. Mbona sikuuliza swali hata moja zaidi? Kwa nini tarehe iliyopigwa muhuri kwenye kadi ilinitosha kuwa jibu?

Nilipofika nyumbani Mama akaniambia nisijisumbue. "Kitu kikiharibika kimeharibika," alisema. "Redio bado inafanya kazi."

Tochi

Wiki iliyofuata niliifunga runinga kwa shuka, nikaishusha ngazi nikisaidiwa na kijana wa jirani, nikapanda nayo matatu. Kondakta aliitoza nauli ya abiria. Nikaipeleka Luthuli.

Anayeijua Luthuli Avenue anajua kwamba huko juu ya maduka ya spika na dekoda kuna ngazi nyembamba, na juu ya ngazi kuna vibanda ambamo vitu vyote vilivyouzwa huko chini hurudi kufunguliwa matumbo. Fundi niliyeelekezwa kwake ana meza moja, stuli mbili, na runinga zimepangwa ukutani kama vitabu kwenye rafu.

Aliiwasha. Sauti ikaja, giza likabaki. Kisha akafanya jambo ambalo sijalisahau: akavuta pazia la mlangoni, akawasha tochi ya simu, akaisogeza karibu kabisa na kioo, kwa mshazari.

"Angalia hapa, dada."

Ndani ya lile duara la mwanga, hafifu kama kivuli kwenye maji, niliona mwanamke akizungumza. Fundi akasogeza tochi. Nikaona bega lake, kisha maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya skrini. Kila kitu kilikuwepo.

"Picha haijaenda popote," akasema. "Ni baklaiti. Taa za nyuma zimekufa."

Alinieleza huku akifungua skrubu. Kioo cha runinga za namna hii hakitoi mwanga wake chenyewe. Nyuma yake kuna mikanda ya taa ndogo za LED, na taa hizo zimeunganishwa kwa kufuatana, moja inamtumia mwenzake umeme. Ikikatika moja, njia yote imekatika. Zinakatika kwa nini? Mara nyingi ni joto. Taa zikisukumiwa mkondo mkubwa wa umeme ili skrini ing'ae sana dukani, na mikanda yenyewe ikiwa hafifu, joto linazila polepole. Alinionyesha taa iliyokufa: kidoa cheusi katikati ya jicho la manjano, kidogo kuliko punje ya mtama.

Mikanda mipya na kazi yake: shilingi 4,500. Si 26,000. Kioo kilichosemwa kimekufa kilikuwa kizima kabisa.

Halafu, akiwa ameinama bado, akasema kama mtu anayejisemea: "Za modeli hii huja sana. Nyingi hazifiki mwaka na nusu."

Nikamwuliza anajuaje. Akafuta mikono, akavuta daftari lenye jalada gumu kutoka chini ya meza. Kila kazi ameiandika kwa kalamu: tarehe, modeli, tatizo, malipo, simu ya mwenyewe. Tukakaa juu ya zile stuli, mimi na yeye, tukapitisha kidole kurasa za mwaka mzima. Modeli yetu ilikuwa humo mara tisa. Mara saba, yetu ikiwemo, tatizo lilikuwa neno hilo hilo, kwa mwandiko huo huo: baklaiti.

Sijui nieleze vipi nilichohisi. Nilikuwa nimebeba jambo langu kama aibu ya nyumbani, kumbe watu sita wengine walikuwa wamepanda ngazi zile wakiwa na aibu hiyo hiyo, na hakuna aliyemjua mwenzake.

Nilivyojihoji

Kabla sijamlaumu mtu nilitaka kuwa na uhakika kwamba wa kulaumiwa si mimi.

La kwanza lilikuwa umeme. Mtaani kwetu umeme hupotea na kurudi kwa kishindo, na sikuwa nimenunua kifaa cha kuukinga. Nilimwuliza fundi waziwazi, na nilimwomba asinifurahishe. Akanionyesha bodi ya umeme: fyuzi nzima, kapasita hazijafura, hakuna alama ya kuungua. Umeme ukirudi kwa nguvu, alisema, kwa kawaida unapiga hapa kwanza, na hapa hapajaguswa.

La pili lilikuwa matumizi. Mama huiwasha asubuhi na kuizima akienda kulala. Tuseme saa 12 kwa siku. Kwa miezi 14 hizo ni saa elfu tano na kitu. Taa za LED huuzwa kwa sifa ya kudumu saa makumi ya maelfu. Hata ukimhesabia Mama kila dakika, hesabu haifiki nusu.

La tatu ndilo gumu. Je, miezi 14 ni michache? Nani alisema runinga ya 38,500 lazima idumu miaka mitatu, au mitano? Kitu cha bei nafuu hakiwezi kudaiwa maisha ya kitu cha bei ghali, na ninakubali. Lakini nilijaribu kumwaza mtu mmoja, mtu yeyote, ambaye angesimama dukani akaambiwa ukweli wote, kwamba hii itakuonyesha picha kwa miezi 14 kisha itabaki redio, na bado angetoa pesa hizo. Sikumpata.

Nyuma ya kadi

Usiku mmoja niliitoa tena kadi ya waranti. Upande wa mbele ni tarehe na muhuri. Upande wa nyuma ni maandishi madogo sana ya Kiingereza, na mwishoni kabisa, mahali ambapo jicho limeshachoka, kuna sentensi inayosema kwamba waranti hii haipunguzi haki za mnunuzi zilizomo katika sheria.

Niliisoma mara tatu. Kumbe kulikuwa na haki nyingine, na kadi yenyewe inazijua.

Mimi si wakili. Nilisoma sheria kama mtu anayesoma maagizo ya dawa ya mtoto, polepole na kwa kurudia. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na haki ya kufidiwa akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inamhesabu kila muuzaji kuwa ameahidi kwamba bidhaa yake ina ubora wa kutosha kuuzwa, hata kama hakutamka neno. Na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ni kongwe kuliko Jamhuri yenyewe, inasema karibu hilo hilo kwa lugha nzito zaidi.

Yale maneno tunayoyaona chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi? Sheria ya 2012 inasema sharti lolote linalojaribu kuiondoa ahadi hiyo ya ubora ni batili. Limeandikwa, limechapishwa, limesomwa, na bado ni batili.

Kuhusu muda, ahadi hiyo ya sheria haina tarehe ya muhuri. Anayetaka kushtaki kwa kuvunjwa kwa mkataba ana miaka 6, kwa Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22.

Sita, si mmoja.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa ile asante yangu. Nilikuwa nimeamini kwamba waranti ndiyo haki, na kwamba ikiisha hakuna kitu chini yake. Kumbe waranti ni nyongeza, zawadi ya muuzaji juu ya kile ambacho tayari ni changu. Ndani ya mwaka wa waranti sihitaji kuthibitisha chochote, ninaleta kitu kibovu nao wanatengeneza. Baada ya mwaka huo bado nina la kudai, ila sasa lazima nionyeshe kwamba ubovu ulikuwemo tangu siku niliyonunua. Hiyo ndiyo tofauti yote. Ni tofauti kubwa, sikatai, lakini si tofauti kati ya kuwa na haki na kutokuwa nayo.

Jambo jingine nililojifunza ni nani wa kuulizwa. Kijana wa kaunta alikuwa amenishauri niandikie kampuni iliyoitengeneza runinga, ambayo iko ng'ambo. Mkataba wangu ni na duka. Duka ndilo lililopokea pesa zangu, na duka ndilo linalojua lilinunua wapi.

Mzigo wa kuthibitisha

Katika nchi za Umoja wa Ulaya muuzaji huwajibika kisheria kwa angalau miaka 2, na kasoro ikijitokeza ndani ya mwaka wa kwanza huchukuliwa kwamba ilikuwemo tangu mwanzo, mpaka muuzaji athibitishe vinginevyo. Hapa kwetu Sheria ya Ushahidi inasema anayedai ndiye athibitishe. Na mnunuzi wa Nairobi ana nini cha kuthibitishia?

Nilianza na risiti. Niliiweka kwenye bahasha safi, ndani ya kabati, mbali na maji. Nilipoitoa ilikuwa karatasi nyeupe. Karatasi ile ya mashine haiandikwi kwa wino, inaandikwa kwa joto, na maandishi yake hufifia yenyewe. Laiti ningekuwa nimeipiga picha siku ile ile. Kilichoniokoa ni ujumbe wa M-Pesa, uliokuwa bado kwenye simu: kiasi, tarehe, saa, jina la duka.

Ushahidi wa pili ulikuwa juu ya ngazi za Luthuli, ndani ya daftari.

Nimeliwaza sana daftari lile. Maduka yana idadi ya runinga walizouza. Watengenezaji wana maabara. Lakini anayejua runinga ipi inakufa, inakufa kwa nini, na baada ya muda gani, ni mtu aliyeketi kwenye stuli akiwa na bisibisi, na katika miaka yake yote ya kazi hakuna aliyewahi kumwomba aseme anachokijua. Nilimwuliza kama anaweza kuniandikia taarifa fupi, aitie saini. Alinyamaza kidogo. Nilidhani ataogopa, kwa sababu baadhi ya vipuri vyake hununua chini kwa wenye maduka wale wale.

"Niandike Kiingereza au Kiswahili?" akauliza.

Aliandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Alieleza alichokuta, alichokibadilisha, na kwa nini haamini kwamba ni umeme. Ile mikanda iliyokufa akaifunga kwenye gazeti, akanipa, akaniambia nisiitupe.

Barua

Barua yangu kwa duka ilikuwa na aya nne. Niliambatisha nakala ya ujumbe wa M-Pesa, taarifa ya fundi, na picha za mikanda. Sikudai runinga mpya. Runinga ilikuwa imeshapona, Mama anaitazama. Nilidai 4,500 za matengenezo, na nikawapa siku 14. Nikaandika kwamba nisipojibiwa nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo.

Mahakama hiyo ilianza kazi Milimani, hapa Nairobi, mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Nililitaja jina lake katika barua kwa kalamu inayotetemeka. Sijawahi kumshtaki mtu. Nilijiuliza kama ni haki kumpeleka mtu mahakamani kwa 4,500, ilhali kuna wenye shida kubwa zaidi kwenye foleni ile. Bado sina jibu linaloniridhisha. Ninachojua ni kwamba hasara ndogondogo kama zetu ndizo zinazoachwa, na zikiachwa zote na watu wote, runinga zile zinaendelea kuja na meli.

Nilipoipeleka barua nilimkuta kijana yule yule. Alisoma mstari wa kwanza, akaniangalia. Nikamwambia, na nilimaanisha, kwamba simlaumu yeye. Akaigonga muhuri wa kupokea, nami nikabaki na nakala.

Siku ya tisa meneja alinipigia simu. Alizungumza kwa upole. Duka liko tayari kunirudishia 4,500 zote, alisema, kama ishara ya nia njema kwa mteja. Kuna karatasi moja tu ya kutia saini. Alinitumia. Ilisema kwamba ninakubali bidhaa haikuwa na kasoro yoyote wakati wa kuuzwa, na kwamba sitazungumzia jambo hili na mtu mwingine.

Nilikaa na karatasi ile siku mbili. Pesa nilizihitaji, sitaki kujifanya sikuzihitaji. Na nilichodai ndicho walichokuwa wakinipa, mpaka shilingi ya mwisho. Nani angenilaumu? Lakini kila nilipoitazama niliona zile baklaiti saba daftarini, na wale sita waliolipa kimya. Wasingejua kamwe kwamba duka hulipa likiombwa kwa maandishi. Tena ningekuwa nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwamba walichokiona hakikuwepo.

Nilimsomea Mama. Ni yule aliyeniambia kitu kikiharibika kimeharibika. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nirudie sehemu ya kasoro.

"Pesa chukua," akasema. "Ni zako. Lakini uongo usiutie saini."

Nikampigia meneja. Nikamwambia nitasaini kwamba nimepokea 4,500 na kwamba sidai zaidi kwa ajili ya runinga hii, basi. Sentensi zile mbili aziondoe. Akasema hana mamlaka hayo, itabidi amwulize mkubwa wake. Kufikia leo ninapoandika hajarudi kwangu. Siku 14 zinaisha kesho kutwa. Nimeshauliza ni karatasi gani zinahitajika kule Milimani, na nimezipanga ndani ya ile bahasha iliyokuwa na risiti nyeupe.

Daftari

Jana nilipitia Luthuli kumweleza fundi tulipofikia. Nilimkuta na mteja, mzee mmoja aliyebeba runinga imefungwa kwa blanketi la hospitali, anahema kwa sababu ya zile ngazi. Runinga ikawekwa mezani. Fundi akavuta pazia, akawasha tochi, na mzee akainama kuangalia kama nilivyoinama mimi.

Kisha fundi akafungua daftari. Lilikuwa jipya, na kurasa zake zilikuwa zimepigwa mistari kwa rula. Baada ya modeli na kabla ya tatizo kulikuwa na safu ambayo haikuwepo katika lile la zamani. Juu yake ameandika: ilinunuliwa lini.

"Mzee," akamwuliza, kalamu mkononi, "hii ulinunua mwezi gani?"

Mzee akafikiri. Akatoa simu mfukoni, akaanza kutafuta ujumbe.